Motere Kubwa Haiongezi Kiti

Ngabu, mujukuu na bwana yangu,

Usome hii barua gari ikiwa imezimwa. Nakujua. Weye unaweza kula, kuendesha na kuongea na telefone, yote mara moja, utafikiri Mungu alikupa mukono ya tatu akaificha. Zima kwanza. Kelele ya ile motere ya gari na maneno yangu haviwezi kukaa mu kichwa moja.

Nimekaa hapa mbele ya jikoni, ku kiti ya baba yako, na bic, kalamu ya mutoto wa jirani. Weye umeenda kuaga marafiki, jua ingali juu ya mabati ya mutaa yetu ya Saio, na kesho asubuhi unatuacha. Miye nilisoma mupaka mwaka ya tatu ya primaire, kwa hiyo ukiona herufi zinaanguka kama walevi, uziinue mwenyewe. Mambo ya kuchemusha maji, ya chandarua, ya kutokula ku njia chakula yenye hujui nani amepika, mama yako amekuambia wiki nzima mupaka hata kuku wanajua. Sitarudilia. Kule Aveba utakuwa na nyumba yako na njia yako, kubeba watu na mihogo yao, kupita Gety, kufika hapa Bunia, kurudi. Utakuwa shofere. Hakuna mutu atakuuliza kama umekula. Vizuri.

Miye nataka kuongea juu ya gari. Najua unacheka. "Koko anajua nini ya gari?" Najua kidogo. Ile jeep imekaa mu parsele yangu, hii kiwanja ya nyumba, miaka yote, motere yake ilikaa mu jikoni yangu, na mafuta yake nyeusi iliingia mu maji yangu ya kuoga. Mwanamuke anaweza kujua bwana wa jirani kwa kumusikia tu akikohoa. Miye ile gari naijua hivyo.

Jana, misa ilipoisha, nilikusikia ukijisifu kwa vijana: "Hii gari hata mulima ikiwa ukuta, inapanda. Siku ile tungekuwa na hii motere, koko yangu muzee angekuwa hai." Ulisema vile baba yako alikuwa anasema, neno kwa neno. Nikanyamaza, kama vile nilinyamaza mbele ya baba yako. Lakini leo saa ya muchana ulisema neno ingine, pale ku mulango ya parsele, kwa Mama Anjele, jirani yetu, na hiyo ilinishinda. Nitafika ku Mama Anjele. Wacha kwanza nianze na siku ile, juu weye ulikuwa mudogo na umeambiwa nusu.

Bwana yangu wa kwanza, yule mwenye ulipewa jina yake, nitamuita Muzee, juu nikiandika Ngabu utageuza kichwa weye. Muzee alinunua ile jeep wakati tulikuwa kwetu Djugu, ikiwa imezeeka tayari. Ilikuwa inabeba viazi na maharagi ku soko. Motere yake ilikuwa ndogo, motere ya kubebea kuku na sifa. Lakini yeye aliipenda. Jumapili alikuwa anaipangusa na shati yake mwenyewe, kisha anavaa ile shati anaenda kanisani, na miye namutukana njia yote.

Mambo yenye ilitufukuza sitaandika. Mutu wa Djugu anaijua, na mwenye haijui ashukuru. Tulitoka asubuhi, mu mvua. Baba yako ku volan, anaendesha. Mama yako mbele pamoja naye. Miye nyuma, na weye umekaa juu ya sanduku yangu ya chuma kama shefu wa kijiji juu ya kiti yake. Muzee nyuma kabisa, mugongo ku mulango. Na majirani walijishikilia kila mahali yenye kidole inaweza kushika.

Tukafika ku ule mulima ya udongo nyekundu. Gari ilipanda nusu, ikalia kama mbuzi, ikarudi nyuma. Majirani wakashuka, wakaendelea kwa miguu, walikuwa vijana. Ikajaribu tena na siye tu wa nyumba. Ikapanda, ikateleza, ikarudi. Baba yako akatoa kichwa ku dirisha.

"Mama, tushushe sanduku."

"Sanduku yangu haishuki."

"Mama, ile ni chuma. Ni nzito kuliko mutu."

"Nimesema haishuki. Muzee, shuka weye kidogo. Unakula sana, unasumbua gari ya watu. Utatukuta mbele."

Tulicheka, Ngabu. Weye pia ulicheka, ulikuwa na meno mbili tu zimebaki mbele. Muzee mwenyewe alicheka kuliko wote. Tangu ndoa nilikuwa namuongelesha hivyo, na yeye ndivyo alikuwa anajua kwamba nyumba iko salama. Siku yenye ningemusemesha kwa upole angeuliza nani amekufa. Akashuka. Akakupapasa kichwa. Akakunja suruali mupaka ku magoti, kwa mupango, kila upande sawa, kama mutu anaenda kuvua samaki, akaweka mabega nyuma ya gari na akasukuma. Ikapanda. Nilipogeuka nilimuona matope mupaka ku uso, anatupungia mukono: "Muende! Muende!"

Juu ya mulima baba yako alitaka kusimama. Nyuma yetu kulikuwa magari, watu wanapiga oni, wengine wanakimbia na magodoro ku kichwa. Akasema, "Tumungoje." Miye nikasema, "Endesha. Baba yako anajua njia kuliko weye."

Sikia vizuri, weye fundi. Ile siku freni zilikuwa nzima. Gari ingesimama. Mwenye alikataa kusimama ni miye.

Tulimungoja hapa Bunia, mu kiwanja ya kanisa, tunalala chini ya shitingi ya plastiki. Kila mutu mwenye aliingia na matope ku miguu, nilisimama. Mutu moja alisema alimuona Muzee anasukuma gari ya watu wengine, ku ule ule mulima. Huyo namuamini, juu ndivyo alikuwa. Nyuma ya hapo, hakuna mutu alimuona tena. Hatuna hata kaburi ya kupalilia.

Sasa utauliza: sanduku ilikuwa na nini? Nyiye vijana munaweka maisha yenu mu telefone na mu mifuko ya plastiki, hamuwezi kujua. Siye, mwanamuke alikuwa anaenda ku ndoa na sanduku yake. Juu kuna vitenge vya kila siku, chini yake vya sikukuu, chini yake vile mama yake alimupa siku ya kutoka. Na chini kabisa, nguo mbili zenye hazivaliwi: yake ya kuzikwa, na ya bwana yake. Mwanamuke mwenye anafunikwa na nguo ya kuomba kwa jirani, watoto wake wanainamisha kichwa matanga yote, na wajukuu wao wanakumbushwa. Mama yangu aliniambia: nyumba ikiungua, toa watoto, kisha toa sanduku. Bwana hakumutaja. Labda alifikiri bwana ana miguu.

Muzee alikuwa na shuka yake nyeupe pale chini, nilimununulia mwenyewe, nzito, nzuri. Ile shuka ilifika Bunia salama. Haikulowa hata tone moja. Nilibeba nguo ya kumuzika, nikamuacha mwenyewe ku njia.

Siku tuliingia hapa Saio, wanaume wanashusha sanduku, inawashinda, wanapumua kama ngombe, Mama Anjele alikuwa amesimama ku mulango yake. Alikuwa hatujui, hatumujui. Akasema kwa sauti ya kusikika: "Wengine wanafika na wazee wao. Huyu amefika na sanduku." Ilikuwa mudomo tu, yeye ni mwanamuke wa mudomo, angemuchekelea hata askofu. Lakini tangu siku ile miye namusalimia kwa kukohoa. Weye na mama yako munafikiri tuligombana juu ya kuku. Hapana. Kuku ilikuja nyuma.

Na baba yako. Hapa bic inakuwa nzito.

Tulipofanya matanga bila mwili, watu walikuwa wanaulizana chini chini: ilikuwaje, gari ilikuwepo, mutoto wake mwenyewe anaendesha, na muzee anabaki? Baba yako, Faustin, akasimama mbele ya watu wote. Akasema: "Ni motere. Motere ilikuwa ndogo." Na alikuwa ananiangalia miye. Watu wakatikisa kichwa: ndiyo, motere ndogo, zile magari ya zamani, pole sana. Ile neno niliipokea kama mwenye njaa anapokea bugali. Sikuuliza nani ameipika.

Nyuma ya pale akaleta ile motere. Unakumbuka? Ilitoka mu kamio, ile gari kubwa ya mizigo, yenye ilianguka mu bonde, waliisukuma mupaka hapa juu ya pusipusi, na magurudumu ya pusipusi ikapinda. Kitu kubwa kama tumbo ya kiboko. Akaiweka mu jikoni yangu juu mvua ilikuwa inanyesha na hakukuwa mahali ingine. Musimu nzima nilipika nikiizunguka. Ile kuku nyekundu ikaanza kutaga mayai juu yake, mahali pa joto karibu ya moto, na baba yako akasema wacha, angalau kuna mutu mwenye inamufaa.

Kisha akasimamisha miti tatu ya mukaratusi hapa katikati ya parsele, akazifunga juu pamoja, akaazima palan ya wajenzi wa kanisa, ile minyororo ya kuinulia, na akatoa motere ndogo. Hiyo ilitoka kama jino ya mutoto. Kubwa ndiyo ilikataa kuingia. Ilikuwa ndefu. Akakata chuma pale miguu inakaa, akasogeza. Akaitia, ikagusa. Akaitoa, akakata tena. Mahali pa kuishikilia ku shasi, mifupa ya gari, ilikuwa haifanani, akachomelea ingine. Radiatere ya kupooza maji ikawa ndogo kwake, akatafuta ya kamio. Resori za mbele zikainama kwa uzito, gari ikawa inanusa chini kama imbwa, akaongeza vyuma. Kapo, kifuniko ya motere, ikakataa kufungika, akaipasua juu na kushonelea bati, gari ikapata nundu. Nilimuambia: "Faustin, hii motere ni kama bibi ya pili. Imeingia tu, inataka sufuria zake, kitanda yake, na ukuta isogezwe." Alicheka. Nikamuambia tena: "Umeoa hii chuma? Watoto wanavaa viatu vya kupasuka na weye unalala chini ya gari."

Hapo hakucheka. Alitoka chini ya gari, akajipangusa mikono, akasema kwa upole sana:

"Mama, sitaki mutu ashuke tena mu gari yangu."

Na miye nikaingia mu nyumba, nikijifanya nimesikia sufuria inamwagika.

Ngabu, miye ni mujinga wa masomo, lakini mujinga wa watu siko. Na ile ilinichukua miaka kuiona. Baba yako alisema na kinywa yake mwenyewe, ku ule mulima, "Tushushe sanduku." Alijua. Alijua tangu siku ya kwanza kwamba haikuwa motere. Motere ndogo ilikuwa inatosha, kama sanduku ingeshuka. Lakini mutoto hawezi kusimama mu matanga na kusema mama yangu alimushusha baba yangu juu ya vitenge. Kwa hiyo akasema motere. Na mutu akisema motere mbele ya watu, inabidi aibadilishe, sivyo? La sivyo watauliza tena. Ile jua yote ku mugongo yake, zile vidole zilipondeka, ile chuma alikata na kukata tena, alikuwa ananifunika. Na miye nilipita karibu yake kila asubuhi na ndoo yangu, nikimugombeza.

Ukumbuke vile alienda. Homa, ile ya mvua, siku zake hazikuwa mingi lakini zilinitosha kusema, kama ningekuwa na moyo. Motere ilikuwa imekaa tayari mahali pake, bado kuwaka. Alikuwa anasema mu homa juu ya fundi mwenzake: "Kiza apime tena freni." Miye nilikaa pembeni na kitambaa ya maji. Neno ilikuwa ku ulimi: Faustin, haikuwa motere. Ni maneno tatu, hata mutoto mudogo wa maternelle anaweza. Nikamuambia anywe uji.

Nilimuosha mikono miye mwenyewe. Ile mafuta nyeusi ilikuwa imeingia chini ya kucha, nikasugua na majivu, na sabuni, na limau, haikutoka. Tulimuzika nayo. Na ile shuka nyeupe ya chini ya sanduku, ya Muzee, ndiyo nilimufunika nayo. Watu walisema, "Angalia Koko, amemuzika mutoto wake na heshima, shuka safi kabisa." Mungu anajua vile nilisikia.

Kisha weye na fundi Kiza mukamaliza kazi. Siku iliwaka, moshi ikajaa parsele, kuku zikaruka ukuta, vijana wakapiga makofi, na miye nikafunga mulango. Ulikuja kugonga: "Koko, kelele inakuumiza?" Nikakujibu vibaya, sikumbuki nini. Haikuwa kelele. Ilikuwa sauti ya baba yako, ile yenye alikosa kunisemesha, na ilikuwa kubwa mingi.

Na ile ya freni, bado unaninunia. Kiza alikuambia mbele yangu: gari sasa ina nguvu ya kamio lakini inasimama na freni ya jeep, lazima ubadilishe. Weye ukasema nitabadilisha mbele, kwanza nifanye kazi kidogo. Nikafunga jikoni na kofuli. "Koko, nina njaa." "Kula motere." Siku mbili ulikula mukate na karanga kwa majirani, ukinisema mu Saio yote, mupaka ukaleta freni kubwa na Kiza akazitia. Kila mutu alikuwa anakuimbia vile gari inapanda. Hakuna mwenye alikuuliza vile inasimama. Miye nilikuwa na sababu yangu ya kuuliza. Sasa unaijua.

Haya. Mama Anjele.

Ile sanduku, ni miye nilitaka uende nayo. Ulisema, "Koko, ni nzito, nitabeba mifuko," na nikasema mujukuu yangu haendi kuanza nyumba Aveba na mifuko ya plastiki kama mukimbizi. Tulikuwa wakimbizi mara moja, inatosha. Nikatia sufuria, blanketi mbili, sahani, koti ya Muzee. Ukaiinua na Kiza, mukaifunga na kamba ku kiti ya nyuma, mahali ya mutu moja. Viti vingine ulikuwa umewapa watu wa Gety na Aveba. Nilisimama hapa mikono kiunoni, naangalia, nikajisifu mu roho. Ona, sanduku yangu inasafiri tena.

Muchana Mama Anjele akaja. Sikutoka. Nilikuwa nachambua sombe, majani ya mihogo, hapa nyuma ya ukuta, na nilikohoa kidogo, kama kawaida. Nikasikia anakuambia binti yake kule Gety amejifungua na damu haisimami vizuri, wamemupigia telefone, anataka kwenda kesho. Hakuwa na mudomo leo. Alikuwa anaongea kama mutu mwenye anabeba maji na anaogopa kumwaga.

Na weye, kwa heshima, juu tulikulea vizuri, ukamujibu: "Pole, Mama. Kiti imeisha. Pale kuna sanduku ya Koko. Ungoje gari ingine kesho kutwa. Utatukuta mbele."

Utatukuta mbele.

Sombe ilianguka chini. Ilikuwa jina ya Muzee, sauti ya baba yako, na maneno yangu. Na Mama Anjele, mwenye ana jibu hata kwa jogoo, alisema tu "Aksanti, mutoto wangu," akageuka na akaenda polepole, akishikilia ukuta.

Sikugombezi weye. Andika hii ku kalenda, juu haitarudi: sikugombezi. Weye ulifanya vile koko yako alitaka. Ulijua ungegusa ile sanduku ningepiga kelele mupaka ku barabara. Lakini nilikaa pale na mikono ya kijani na nikaona kitu: baba yako alitia motere ya kamio ili mutu asishuke tena, weye umeimaliza, umeongeza freni, gari inaweza kupanda mulima yote ya Ituri, na mutu amebaki chini tena, kwa sanduku ile ile. Motere kubwa haiongezi kiti. Inaongeza tu mizigo yenye mutu anafikiri anaweza kubeba.

Nikaondoka. Kamba yako nilijaribu kuifungua, lakini weye unafunga fundo kama unafunga mwizi, kwa hiyo nikaikata na kisu ya sombe. Utanunua ingine. Nikaisukuma sanduku. Ilikataa, nikaisukuma na muguu, ikaanguka chini na kona moja ikapondeka. Mama yako akatoka mbio, akafikiri nimeanguka miye. Nikamuambia, "Shika upande ule." Akanitazama, akashika. Hakuuliza. Yeye pia alikuwa mu gari siku ile, alikuwa amekaa mbele, alisikia. Miaka hii yote amekula ku meza yangu na hajaniambia kitu.

Kisha nikavuka barabara. Mama Anjele alikuwa amekaa ku kitanda, mufuko ku magoti, imefungwa tayari, yeye haendi popote.

"Leo umekohoa mupaka umeingia," akasema.

"Kesho kuna kiti. Ngabu anatoka mapema, usichelewe. Na usibebe kuku."

"Nilisikia kuna sanduku."

"Imeshuka."

Akaniangalia. Akatoa mufuko ku magoti, akaiweka chini. Kisha akasema, "Mama Faustin, ile siku nilisema tu. Sikujua kitu."

Tangu baba yako afe, watu wanaogopa kuniita hivyo. Wananiita Koko, hata wazee. Yeye aliniita Mama Faustin.

"Najua," nikamujibu. "Lakini ulisema sawa."

Akasogea ku kitanda, nikakaa. Hakuna mwenye alilia, usifikiri. Kisha akaniambia sombe yangu huwa ina chumvi mingi, harufu yake inamufikia, na nikarudi nyumbani.

Kwa hiyo asubuhi utamukuta amekaa pale nyuma. Ataongea. Ataongea Bunia mupaka Gety, atakufundisha kuendesha, atakuambia vile mama yako anapika. Umuache. Sufuria zako nimezisukuma chini ya viti, blanketi utazikalia. Koti ya Muzee iko ku kiti yako ya shofere. Ivae, kule asubuhi ni baridi, na mikono yake itakuwa mirefu kwako, uikunje. Uikunje kila upande sawa.

Njia ya kule ni mbaya, weye unaijua kuliko miye. Matope itakuja. Siku moja, hata na hii motere, gari itakataa. Hapo ushushe mihogo. Ushushe mbuzi, ushushe mafuta, ushushe hata mulango ukiweza. Mwenye mali atakutukana, na atakutukana vizuri, kama vile miye ningetukana. Umuache atukane. Ikikataa tena, ushuke weye usukume, na mutu mwingine ashike volan, na ukifika juu, gari isimame. Usitulize mutu na maneno ya kucheka. Miye nilichekesha mutu, akashuka.

Kesho usinipigie oni. Nitakuwa nimesimama ku mulango, utaniona, inatosha. Usinibusu mbele ya Anjele. Na usiniambie tena niingie mu gari unizungushe Saio, bado. Siku utarudi na uniambie Mama Anjele alifika, na binti yake anasimama, labda nitaingia, hapo mbele, karibu yako, tukapande hata kile kilima kidogo cha hapa nyuma.

Sanduku tumeirudisha mu chumba yangu. Namalizia hii barua nikiwa nimeikalia, juu kiti ya baba yako nimeipeleka mu gari, isaidie mwenye atakosa pa kukaa. Kona yake imepondeka, haifungi vizuri tena. Haina neno. Miye na yeye tunajuana. Siye wawili ndio tulipanda ule mulima.

Koko yako